Farasi wa kalenda ya Tunduma: Rangi ya mtoto ina wazazi wawili

Na Mwandishi Wetu

Mgahawa wenyewe ni mdogo. Una meza nne na mabenchi marefu, nao upo hatua chache tu kutoka barabara kuu ya Tunduma, pale ambapo malori hujipanga mchana na usiku yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa pili wa mpaka wetu na Zambia. Asubuhi za miezi ya baridi wateja huingia humo wakifikicha viganja, huagiza chai na chapati, na maongezi huanza kabla sukari haijayeyuka.

Ukutani imetundikwa kalenda ambayo mwaka wake umekwisha pita. Iliachwa hapo na dereva mmoja aliyetoka nayo Afrika Kusini, na mama mwenye mgahawa hajapata moyo wa kuibandua. Sababu ni picha iliyomo. Ni picha ya farasi mdogo, wa kundi linaloitwa poni, yaani farasi ambao kimo chao begani hakizidi sentimita 148 hivi. Mwili wake wote ni wa rangi ya njano iliyokolea, mfano wa ngano iliyoiva. Lakini nywele za shingoni, mkia na miguu, tangu magotini hadi kwatoni, ni nyeusi tititi.

Wafugaji wanaosema Kiingereza huipa rangi hiyo jina la ngozi ya paa dume iliyotengenezwa ikalainika. Sisi katika makala haya tutaiita rangi ya paa.

“Huyo kapakwa,” alisema taniboi mmoja, siku mwandishi wa makala haya alipokuwa akinywa chai mahali hapo.

“Hakupakwa, kijana,” alijibu dereva wake, mtu wa makamo aliyeizoea njia ya kusini. “Wapo. Nimewaona kwa macho yangu.”

“Basi, mzee, baba yake alikuwa wa njano.”

“Hapo ndipo penye kisa.” Dereva akaweka kikombe chini. Alisimulia kwamba katika shamba moja huko kusini, alikolala siku tatu akingoja mzigo, alimwona mtoto wa farasi wa rangi ile ile. Mama yake alikuwa mweusi. Dume aliyepandishwa alikuwa wa hudhurungi, mwili mwekundu wa kahawia na nywele nyeusi. Shamba zima halikuwa na farasi wa njano hata mmoja. Wafanyakazi walicheka wakasema kwamba jike yule aliruka ua usiku, akatafuta dume la jirani.

Wateja nao wakacheka. Mama mwenye mgahawa, aliyekuwa akigeuza chapati, hakucheka. Alitazama kalenda, kisha akasema taratibu, “Kumbe hata farasi husingiziwa.”

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa makala haya. Je, inawezekana mama mweusi na baba wa hudhurungi kuzaa mtoto wa njano bila ya jike kuruka ua? Jibu ni ndiyo, na maelezo yake yanafaa kujulikana na kila familia, hata ile ambayo haitafuga farasi maisha yake yote.

Kwa nini kwetu hakuna farasi

Kwanza tumwondolee msomaji shaka moja. Mkazi wa Vwawa, Mlowo au Tunduma aweza kumaliza miaka bila kukutana na farasi. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ni nchi ya ng'ombe, ya kahawa ya Mbozi na ya mahindi. Farasi hakuzoea kwetu kwa sababu ya maradhi. Mbung'o humletea nagana. Usubi, yule mdudu mdogo kuliko mbu, humletea ugonjwa wa virusi ambao dunia nzima huuita ugonjwa wa farasi wa Afrika, na ambao huweza kumwua mnyama aliyeonekana mzima siku chache tu kabla. Pundamilia huubeba ugonjwa huo bila kudhurika, na punda wetu huuvumilia, farasi huangamia.

Historia inalo somo la jambo hilo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walifika Kondoa mwezi Aprili, na farasi wao walikufa ovyo. Katika vita hivyo wanyama wa jeshi waliteketea kwa maelfu. Mwezi uliofuata majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kuja huku kwetu yakitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Chakula na risasi zao zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika, na wengi wa wapagazi hao hawakurudi makwao.

Kule kusini kabisa mambo ni tofauti. Waholanzi walianza kuwaleta farasi Rasi ya Tumaini Jema kutoka Java katika miaka ya 1650, na uzao wao ukaenea hata Lesotho, ambako baridi ya milima huwapunguza usubi. Huko akazaliwa poni wa Kibasotho, mashuhuri kwa kupanda majabali. Hivyo basi, picha ya poni hufika Tunduma kwa lori, ingawa poni mwenyewe hafiki.

Mafundi watatu wa rangi

Sasa turudi kwenye rangi. Msomaji aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nguo ataielewa habari hii upesi. Tuseme kiwanda kina mapipa mawili tu ya rangi: pipa la nyeusi na pipa la nyekundu. Hakuna pipa la njano, hakuna la kijivu, hakuna la maziwa. Pamoja na hayo, kiwanda hutoa vitambaa vya kila namna, kwa sababu kina mafundi wanaojua kuyatumia mapipa hayo mawili.

Ndivyo ulivyo mwili wa farasi, na ndivyo ulivyo mwili wa binadamu. Rangi ya nywele na ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini, nayo ni ya namna mbili: nyeusi na nyekundu. Mafundi wanaoiongoza ni vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo kila kiumbe hupewa na wazazi wake.

Fundi wa kwanza husimama penye mapipa. Ndiye anayeamua kama pipa la nyeusi litafunguliwa. Asipolifungua, farasi huwa mwekundu mwili mzima, pamoja na mkia na nywele za shingoni.

Fundi wa pili ni mgawaji. Pipa la nyeusi likishafunguliwa, yeye husema wapi rangi hiyo ipelekwe. Akiwapo kazini, huisukuma nyeusi pembezoni: nywele za shingoni, mkia, miguu na ncha za masikio; mwili uliobaki huwa mwekundu. Huyo ndiye farasi wa hudhurungi. Fundi huyo asipokuwapo, nyeusi humwagika kila mahali, na farasi huwa mweusi.

Fundi wa tatu hutunza ubora. Yeye ni miongoni mwa wanaohakikisha kwamba rangi inapikwa barabara ndani ya chembe na inakolea. Katika baadhi ya farasi fundi huyu ana kasoro ndogo ya kuzaliwa nayo, na kasoro hiyo hufifisha rangi. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha kasoro yenyewe ilipo: herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi marefu ya kinasaba kimoja.

Ajabu ya kasoro hii ni kwamba haizigusi rangi zote sawasawa. Ikiwa nusu tu ya kinasaba ina kasoro, nyekundu hufifia ikawa njano, na nyeusi hubaki karibu vile vile. Tazama basi kinachotokea. Farasi mwekundu hugeuka wa dhahabu, mkia wake ukawa mweupe au wa maziwa. Farasi wa hudhurungi hugeuka wa rangi ya paa, mwili wa njano na miguu myeusi, kama yule wa kalenda. Na farasi mweusi? Farasi mweusi hubaki mweusi, kwa maana hana nyekundu ya kufifishwa. Huibeba kasoro hiyo maisha yake yote, na mara nyingi hakuna jicho linaloiona.

Hapo ndipo lilipojificha jibu la dereva wetu. Jike yule mweusi aliibeba nusu ya kufifisha bila mtu kujua. Mtoto akaipokea nusu hiyo kutoka kwa mama. Kutoka kwa baba wa hudhurungi akampokea fundi mgawaji, anayesukuma nyeusi pembezoni. Vilipokutana vitu hivyo viwili, ikatokea rangi ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo machoni pa watu. Jike hakuruka ua.

Nakala mbili, moja kwa kila mzazi

Tumesema “nusu ya kinasaba”. Neno hilo lahitaji ufafanuzi, maana ndilo kiini cha habari yote.

Kila kinasaba cha rangi, katika farasi na katika mtu, kina nakala mbili. Moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Mzazi hatoi zote mbili. Hutoa moja, na ni ipi itakayotoka ni mfano wa kurusha sarafu. Sheria hiyo iligunduliwa na mtawa Gregor Mendel, aliyepanda mbegu za njegere katika bustani ya nyumba yao ya watawa mjini Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Ilipuuzwa hadi mwaka 1900. Leo hufundishwa katika shule zetu za sekondari, na kijana wa nyumbani aliyesoma baiolojia aweza kuichora kwenye daftari.

Tumwozeshe basi farasi wa rangi ya paa kwa jike wa rangi ya paa. Kila mmoja ana nakala moja nzima na moja ya kufifisha. Yapo makutano manne yanayowezekana. Katika moja, mtoto hupata nakala nzima kwa wazazi wote wawili: atakuwa wa hudhurungi wa kawaida. Katika mawili, hupata nzima kwa mmoja na ya kufifisha kwa mwingine: atakuwa wa rangi ya paa. Katika la nne, hupata ya kufifisha pande zote mbili. Huyo nyekundu na nyeusi zake zote hufifia. Huzaliwa wa rangi ya maziwa, ngozi yake ni ya waridi na macho yake ni ya samawati hafifu.

Ndiyo maana hakuna mfugaji awezaye kufuga farasi wa rangi ya paa kwa paa akapata paa watupu. Robo hurudi nyuma, robo huvuka mbele. Akitaka wana wote wawe wa rangi ya paa, humchukua yule wa maziwa, mwenye nakala mbili za kufifisha, akampandisha kwa hudhurungi halisi. Hapo kila mtoto hupata moja na moja. Na leo, kwa kuwa kinasaba kinajulikana, unyoya uliong'olewa pamoja na shina lake hutosha kwa maabara kusema mnyama amebeba nini, hata kama ngozi yake haisemi.

Wapo pia wanaonunua rangi kwa fedha nyingi wakidhani kwamba paa ni hodari kuliko wenzake. Hayo ni maneno ya sokoni. Kasoro ya fundi wa tatu hukaa katika rangi. Haiongezi pumzi, haikazi mfupa.

Punda wetu si wa kundi hilo

Msomaji aliyekulia kijijini aweza kuuliza: je, punda wa kijivu au wa rangi ya vumbi naye amefifishwa vivyo hivyo? Swali ni zuri, na jibu lake ni hapana.

Mtazame punda vizuri. Mgongoni ana mstari mweusi tangu shingoni hadi mkiani, na mstari mwingine humkatiza mabegani, ikawa alama ya msalaba. Mara nyingi ana pete za weusi miguuni. Poni wa rangi ya paa hana hayo. Wafifu hawa wawili wamefifia kwa njia tofauti. Uchunguzi wa farasi wenye mstari wa mgongoni, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika unyoya mmoja mmoja rangi hukaa upande mmoja tu, na upande wa pili huachwa mtupu. Macho yetu huchanganya giza na mwanga, yakaona kijivu au vumbi. Kinasaba kinachofanya kazi hiyo ni kingine kabisa, na katika punda vilevile ndicho kinachohusika.

Zaidi ya hayo, kwa punda huo ndio ubao wake wa asili. Punda alifugwa kwanza hapa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, kutokana na punda mwitu wa kaskazini mashariki mwa bara letu, na rangi ile ya vumbi ilimficha katika nchi kavu. Punda asiye na mstari ndiye aliyebadilika.

Tunajifunza jambo moja: rangi mbili zaweza kufanana machoni na zikawa na asili mbalimbali, na rangi mbili zaweza kutofautiana kabisa na zikatoka tumbo moja. Macho peke yake si shahidi wa kutosha.

Siri inayobebwa na wote wawili

Farasi wa kalenda ana hisani moja kubwa: nusu aliyorithi huionyesha. Vinasaba vingi havina hisani hiyo. Nakala moja ikiwa na kasoro, ile nzima hufanya kazi yote, na mwili hauonyeshi dalili. Siri hudhihirika siku ambayo wabebaji wawili wamekutana.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaijua habari hiyo. Friesian dume mweusi na mweupe, jike mweusi na mweupe, na ghafla anazaliwa ndama mwekundu na mweupe. Wote wawili walibeba wekundu uliofichika. Katika kisiwa cha Asinara, Italia, wapo punda weupe kabisa wenye ualbino halisi. Watafiti walieleza mwaka 2016 kwamba kasoro yao hujitokeza pale tu mtoto anapoipata kwa wazazi wote wawili. Punda wa kijivu aweza kuibeba, na hakuna atakayemtambua.

Na binadamu je?

Kinasaba kile kile kinachompa poni rangi ya paa kipo ndani yetu. Mwaka 2001 ilibainika kwamba kikiharibika katika nakala zote mbili, mtu huzaliwa na aina mojawapo ya ualbino, aina ambayo hupatikana sana Japani. Hapa Tanzania aina iliyoenea zaidi hutokana na kinasaba jirani katika kazi hiyo hiyo ya kupika rangi. Uchunguzi uliochapishwa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wana pengo la namna moja katika kinasaba hicho, dalili kwamba ni urithi wa kale uliotufikia kupitia wazee wetu wa zamani sana.

Inakadiriwa kwamba nchini mwetu mtu mmoja katika kila 1,400 hivi ana ualbino. Ukiifuata hesabu ya Mendel, maana yake ni kwamba yapata mtu mmoja kati ya 19 anabeba nakala moja bila kujua. Katika basi lililojaa la kutoka Tunduma kwenda Mbeya wamo watatu au wanne. Huenda ni dereva, huenda ni kondakta, huenda ni mwandishi wa makala haya.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kila mimba, tunasisitiza. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Watoto watatu waliotangulia wakiwa na rangi ya kawaida, wa nne bado ana nafasi ile ile. Na mwenye ualbino akioa au kuolewa na asiyebeba nakala hiyo, watoto wake wote watakuwa na rangi ya kawaida, ila kila mmoja ataibeba siri na kuipeleka mbele.

Lililo muhimu kuliko yote ni hili: katika urithi wa namna hii mama hawezi kumzaa mtoto huyo peke yake. Lazima baba naye awe ametoa nusu. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya rangi ya mtoto anamfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelitolea nusu kamili, wala si ya mama wala ya baba nusu iliyo kubwa zaidi.

Yule mama wa mgahawa

Wateja walipoondoka, mama mwenye mgahawa alivuta benchi akaketi. Jina lake tunalihifadhi. Anaye binti mwenye ualbino, aliyeanza darasa la kwanza.

“Siku niliyojifungua, wakwe walikuja wakamtazama, wakatazamana,” alisema. “Kisha wakaniuliza baba yake ni nani. Mwenzangu hakusema kitu. Baada ya miezi miwili aliniaga kuwa anakwenda kutafuta kazi.”

Wengine walimwambia amekanyaga dawa. Wengine walimshauri asimtoe mtoto nje, na hilo hakuweza kulipuuza. Tangu miaka ya 2000 nchi yetu imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo na watu walioamini uongo wa utajiri, na mama wa mtoto kama huyo halali usingizi mmoja na jirani zake. Uongo ule una mzizi mmoja na kicheko cha shambani: watu wameona rangi wasiyoitarajia, wakatafuta mkosaji au muujiza, wakati palikuwa na nakala mbili tu zilizokutana.

Mwandishi alichukua karatasi ya kufungia maandazi akachora mraba wenye vyumba vinne. Juu akaandika nakala mbili za baba, pembeni nakala mbili za mama. Mama akaujaza mwenyewe, chumba kwa chumba, kwa kidole chenye unga. Alipofika chumba cha nne alinyamaza kidogo.

Familia zilizo katika hali yake zina mambo ya kufanya kila siku, nayo hayana fumbo. Ngozi isiyo na melanini huunguzwa na jua, na vidonda vya miaka huweza kugeuka saratani. Mtoto avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia mionzi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta hayo mahususi kwa wenye ualbino. Ubaridi wa nyanda za juu usimdanganye mzazi: kadiri mahali palivyoinuka ndivyo mionzi ya jua inavyozidi ukali, hata upepo ukiwa wa kutetemesha. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema. Darasani mtoto akae mbele, kwa kuwa ualbino hupunguza nguvu ya macho, haupunguzi akili. Chama cha watu wenye ualbino kimekuwapo nchini tangu mwaka 1978, na tangu mwaka 2015 dunia huadhimisha siku yao kila tarehe 13 Juni.

Tuongeze neno moja kwa haki ya farasi. Yule wa maziwa, mwenye nakala mbili za kufifisha, hahesabiwi kuwa na ualbino. Bado ana rangi kidogo, na huona vizuri. Ualbino halisi haujulikani katika farasi. Mfano wetu ni wa njia ya urithi, wala hatukukusudia kumlinganisha mtoto wa mtu na mnyama.

Mama aliikunja ile karatasi akaiweka chini ya kopo la sukari. Kisha akaitazama tena kalenda.

“Ndugu mwandishi, hiyo nusu ya baba,” aliuliza, “nayo huonekana popote mwilini mwake?”

“Haionekani, mama. Haionekani hata kidogo.”

“Basi andika hivyo,” alisema akiinuka kwenda kupokea wateja wapya. “Andika kwamba haionekani, na kwamba ipo.”